Harufu Ngeni Jikoni: Mwongozo kwa Kaya za Ndhiwa

Pua ya mtu wa Ndhiwa imelelewa na moshi. Kuni za alfajiri, miwa inayochomwa shambani kabla ya kukatwa, molasi ya kiwanda cha Sukari Industries upepo ukigeuka, omena ya jioni kikaangoni: mtu amekua na harufu hizi, wala hazimshtui. Lakini jiko limebadilika upesi kuliko pua. Boma lile lile sasa lina mafiga nje, jiko la makaa barazani, mtungi wa gesi wa kilo 6 kando ya kabati, stovu ya mafuta ya taa ya kushikilia siku gesi ikiisha, na soketi ya stima ukutani inayochemsha maji ya chai. Kila kimoja kina harufu yake kikiharibika, na harufu hizo hazifanani na moshi tuliouzoea. Tena iko sumu moja ya jikoni isiyo na harufu hata kidogo, na hiyo huua watu wakiwa usingizini.

Hapa nitazipitia moja moja: inatoka wapi, ufanye nini kwanza, na ipi isikutie hofu. Nitakaa sana kwenye gesi na makaa, maana huko kosa la usiku mmoja linaweza kumaliza nyumba nzima.

Harufu ya yai bovu

Gesi ya kupikia ni propani na butani. Zote mbili hazina rangi wala harufu. Ule uvundo unaokufanya ukunje uso, kama yai bovu au kitunguu kilichooza, umetiwa makusudi. Ni dawa iitwayo ethili merkaptani. Sheria za kutia harufu kwenye gesi zilipata nguvu baada ya msiba wa tarehe 18 Machi 1937 katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani. Gesi isiyonuka ilijaa chini ya sakafu ya shule, cheche moja ikaiwasha, na wanafunzi na walimu wapatao 300 wakafa. Hakuna aliyekuwa ameisikia.

Kwa hiyo ukisikia harufu hiyo, usiiambie nafsi yako kwamba gesi ndivyo ilivyo. Dawa hutiwa kwa kipimo kinachomwezesha mtu mwenye pua nzima kuisikia gesi ikiwa bado kama sehemu moja ya tano ya kiasi kinachoweza kushika moto. Propani huanza kuweza kuwaka inapofika takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba. Kiasi hicho ni kidogo, na chumba kidogo kilichofungwa hukifikia haraka, kwa sababu lita moja ya gesi iliyo majimaji ndani ya mtungi hufumuka ikawa lita zipatazo 250 za mvuke.

Jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi dukani ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ni nzito mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Haipandi darini kama moshi wa kuni. Inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda na kulala kwenye kona, pale pale mnapotandika mkeka wa watoto. Harufu hafifu ikikufikia puani ukiwa umesimama, miguuni inaweza kuwa nzito zaidi. Dirisha dogo la juu halitoshi kuitoa. Mlango ndio unaoitoa, kwa kuwa mlango umefika chini.

Ukiisikia, mkono wako usiende kwenye swichi. Kuwasha taa kunatoa cheche, na kuizima pia kunatoa cheche. Usiwashe kiberiti ili uone vizuri, usichomoe plagi, usipige simu ukiwa ndani. Kama harufu ni nyepesi na kuna koroboi inayowaka, izime, funga valvu ya mtungi kwa kuizungusha upande wa kulia, fungua milango yote, kisha toeni watu nje, watoto kwanza. Mtungi usiowaka moto utoe nje ukiwa umesimama, uuweke mbali na mafiga ya jirani. Kama harufu ni nzito kiasi cha kukuchoma koo, usishughulike na koroboi wala mtungi wala simu iliyobaki mezani. Toka na watu, na mkiwa mbali ndipo mpige 999 au 112 na kuwaita majirani.

Kama mtungi umeshika moto kichwani, na moto ni mdogo, nguo nzito iliyolowa maji ikizungushwa mkononi inaweza kukuruhusu kufunga valvu. Moto ukifungiwa gesi hufa wenyewe. Ukiwa mkubwa, uache na uondoe watu. Mtungi si mali ya kufia.

Nyumba ikishapata hewa na harufu ikaisha kabisa, tafuta mahali panapovuja kwa povu la sabuni. Koroga sabuni ya unga kwenye maji kidogo, chovya kitambaa, pakaza kwenye valvu, kwenye maungio, na kwenye mpira wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mapovu yakianza kukua, umepaona. Usijaribu kwa njiti ya kiberiti, hata kama fundi wa mtaani alifanya hivyo mbele yako na hakupatwa na lolote.

Kwenye mtungi wa kilo 6, ambao jiko hufungwa moja kwa moja juu yake, mwenye kosa mara nyingi ni kile kipete kidogo cha mpira kilicho ndani ya maungio. Kikikauka au kikipasuka, hata ukaze namna gani gesi itapita. Kikague kila unapobadilisha mtungi. Kipya bei yake ni ndogo. Kwenye mtungi wa kilo 13, tazama mpira unaopeleka gesi jikoni. Joto huukausha, na panya huutafuna. Ukiona mpasuko au alama ya meno, usiufunge kwa utepe, nunua mwingine.

Safari ya mtungi nayo ina neno lake. Mitungi mingi hufika huku kwa boda boda, kutoka Homa Bay, Rongo au Rodi Kopany, ikiwa imelazwa kwenye kiti na kufungwa kwa kamba ya mpira. Mtungi ukilazwa, kinachofika kwenye valvu ni majimaji badala ya mvuke, na tone moja la majimaji linalovuja ni gesi nyingi mno. Mwambie mwenye pikipiki ausimamishe na kuufunga vizuri, na ukifika nyumbani uache utulie kabla ya kuufungua. Ukisikia harufu tangu mlangoni, mrudishie mwenye duka siku hiyo hiyo.

Tena uutazame ulijazwa wapi. Mtungi haujazwi ukafura. Huachiwa nafasi ya kama asilimia 15 hadi 20 ili gesi ipate pa kutanukia joto likipanda. Anayejaza kwa kukisia nyuma ya nyumba hajali nafasi hiyo. Mtungi wake ukisimama jikoni chini ya mabati, adhuhuri ya Januari, presha hupanda mpaka valvu ya usalama ikajifungua na kutema gesi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye eneo la kujazia gesi lililozungukwa na makazi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha mahali hapo. Kanuni za gesi za mwaka 2019 zinakataza mtu kujaza mtungi wa chapa ya mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye chapa. Kwa hiyo unayo haki ya kuuliza kibali, kukagua lakiri, na kudai mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye chuma chake. Kwa mtungi wa kilo 6, ongeza kilo 6. Ukipungua umeibiwa, ukizidi umeuziwa hatari.

Kuna siku harufu itaongezeka bila kitu kuvuja. Gesi inapokaribia kwisha, ile dawa ya harufu hubaki nyingi chini ya mtungi, kwa hiyo siku za mwisho jiko hunuka zaidi na moto hudhoofika. Pakaza povu ili uwe na hakika, kisha upange safari ya dukani.

Kuna pia siku gesi itavuja na usiisikie. Pua huchoka; dakika chache ndani ya harufu moja, nayo huacha kuihesabu. Mwenye mafua haisikii, mzee mara nyingi haisikii. Kutu iliyo ndani ya mtungi nayo inaweza kuila dawa hiyo. Ndiyo sababu mtungi haupaswi kulala chumba kimoja na watu, hata kama hakuna anayesikia chochote.

Wenye ng'ombe waliochimba mtambo wa gesi ya samadi wana yai bovu la aina nyingine. Harufu hiyo ni haidrojeni salfaidi, na gesi inayowaka humo, methani, haina harufu na ni nyepesi, hupanda juu. Jiko la samadi linalowaka sawasawa halinuki. Likinuka, kuna gesi inayopita bila kuungua. Shimo lenyewe usiingie kamwe kulizibua. Haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huiua pua kwanza: unaisikia, halafu unaacha kuisikia, ukadhani imekwisha, kumbe imezidi.

Samaki pasipo samaki

Hii ndiyo harufu rahisi kupuuzwa huku kwetu kuliko zote, kwa kuwa omena na mbuta hawakosekani. Soketi, plagi na vishikio vya taa hutengenezwa kwa plastiki ngumu ambazo zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu ya samaki. Si ya plastiki inayoungua. Hiyo huja baadaye, wakati hatari imeshakua. Mwanzo ni samaki, au kitu kama mkojo wa siku nyingi. Ukiisikia siku ambayo hakuna aliyepika samaki, gusa ukuta karibu na soketi kwa mgongo wa mkono. Soketi haitakiwi kuwa moto. Tazama kama imegeuka rangi ya kahawia, kama plagi inalegea, kama kuna mlio wa kukaanga.

Sababu ya kawaida ni mzigo. Soketi yetu ya ampia 13 hubeba wati zipatazo 3,000. Birika la umeme peke yake linaweza kuchukua wati 2,000, jiko la koili nalo kiasi kama hicho. Ukivichomeka vyote kwenye waya mmoja wa kuongezea, uliolala chini ya mkeka, waya huchemka wenyewe. Zima swichi kuu, si ya soketi inayonuka, kisha umwite fundi mwenye leseni. Kama harufu au cheche zinatoka kwenye mita au kwenye nguzo, hiyo ni kazi ya Kenya Power, nambari 97771. Usimlipe mtu yeyote apande huko. Na moto wa stima haumwagiwi maji kabla ya swichi kuu kuzimwa.

Mafuta ya taa, na petroli iliyojificha

Stovu ya mafuta ya taa inayonuka ikiwa inawaka ina shida ya utambi: umepandishwa mno, umeungua ncha, au nyuzi zake hazilingani. Kata ncha iwe sawa, ushushe hadi moto uwe wa bluu. Masizi kwenye sufuria ni ushahidi kwamba mafuta hayaungui yote, na yasiyoungua mnayavuta ninyi. Inayonuka ikiwa imezimwa inavuja. Tazama chini ya tangi. Usiongeze mafuta stovu ikiwa bado na joto.

Hofu yangu kubwa hapa ni petroli. Kando ya barabara ya kwenda Karungu petroli ya pikipiki huuzwa kwenye chupa na vibuyu vya plastiki, na mara nyingine kifaa kilichopima petroli asubuhi ndicho kinachopima mafuta ya taa jioni. Petroli kidogo ndani ya mafuta ya taa inatosha kuifanya stovu ilipuke usoni mwa anayepika. Harufu yake ni kali, huingia mpaka kwenye macho, ilhali mafuta ya taa yana harufu ya mafuta mazito. Ukishuku, dondosha tone kwenye karatasi, mbali na moto. Petroli hukauka upesi na haiachi kitu. Mafuta ya taa huacha doa linalokaa. Ukihisi ni mchanganyiko, yasitumike hata kwenye koroboi. Na kama kijana wa nyumba ana boda boda, petroli yake ya akiba isilale jikoni wala kwenye nyumba ya kulala. Mvuke wake pia ni mzito. Hutambaa mpaka kwenye makaa yaliyo upande wa pili wa chumba.

Mtoto akinuka mafuta ya taa mdomoni, usimtapishe. Yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mpeleke hospitali, na chupa yenyewe uichukue.

Kinachochomwa pamoja na kuni

Kuni mbichi hutoa moshi mchungu unaochoma macho, na hilo kila mtu analijua. Dawa yake ni kuzikausha chini ya paa kabla ya masika. Moshi wa kuni kwa jumla hauhitaji kunuka vibaya ili udhuru. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Jikoni penye matundu ya juu pande mbili ni afadhali mara nyingi kuliko pazuri palipozibwa.

Kinachohitaji pua ni vile tunavyotumia kuwashia moto. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini magunia ya nailoni, vipande vya vibuyu na pakiti za maziwa bado vinaingia mafigani. Harufu kama ya mshumaa uliozimwa ni plastiki laini. Harufu chungu inayouma pua na koo kama asidi ni plastiki ya mabomba na ngozi za waya. Hiyo ni mbaya kuliko zote, usipike chakula juu yake. Wanaochoma nyaya ili wapate shaba wafanyie mbali na watoto, na afadhali wasifanye kabisa.

Halafu kuna nguzo. Mradi wa kusambaza stima vijijini, ulioanza mwaka 2015, umepita sehemu nyingi, na vipande vya nguzo vilivyobaki huonekana kuwa kuni nzuri, kavu, zenye kuwaka sana. Nguzo yenye rangi nyeusi inayonuka lami imelowekwa kwenye mafuta ya kriosoti, na moshi wake ni sumu. Nguzo yenye rangi ya kijani kibichi iliyopauka imetiwa dawa yenye aseniki, na hiyo haina harufu ya kukuonya. Majivu yake pia yana sumu, kwa hiyo hayamwagwi kwenye mboga wala hayasuguliwi vyombo. Vipande hivyo vifanye vigingi vya ua, visiingie jikoni.

Ua wenyewe nao uangaliwe. Mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok, una utomvu unaoweza kuumiza macho vibaya, na matawi yake yakichomwa kabla hayajakauka kabisa moshi wake huwasha macho na koo. Ukiupogoa, usiulete mafigani.

Harufu zisizo na neno

Jiko jipya la bati lenye kigae ndani hunuka rangi na mafuta ya kiwandani mara ya kwanza. Liwashie nje, liungue lenyewe bila sufuria mpaka harufu iishe, ndipo ulipikie. Jiko jipya la gesi nalo hunuka vivyo hivyo kwa muda. Koili ya umeme iliyokaa miezi bila kutumika hunuka vumbi linaloungua, kisha hutulia. Maziwa yaliyomwagika chini ya jiko hunuka kwa siku kadhaa, sugua. Kipimo ni kimoja: harufu isiyo na shida hupungua kadiri unavyotumia. Inayobaki ile ile, au inayoongezeka, ina sababu ambayo bado hujaiona.

Makaa yaliyonyamaza

Nimeacha hili mwisho kwa kuwa pua haitakusaidia. Makaa yanapowashwa hutoa moshi, na kila mtu huliweka jiko nje. Baada ya muda moshi hukatika, makaa huwa mekundu yote, na hapo ndipo watu husema sasa ni safi, tuliingize ndani. Makaa hayo mekundu, yasiyo na moshi wala harufu, ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Hewa hiyo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa hewa ilhali mtu anapumua kama kawaida.

Nyumba zetu za zamani zilisamehe kosa hili. Paa la nyasi lilipitisha hewa, na jikoni palikuwa nyumba ya peke yake. Leo ukuta umepigwa plasta, mabati yamewekewa dari, dirisha ni la vioo, na mlango una zulia chini yake kuzuia baridi ya masika. Jiko lile lile lililopasha moto nyumba ya bibi bila madhara linaweza kuua ndani ya nyumba ya mjukuu. Upenyo wa dirisha hautoshi. Sufuria ya maji kando ya jiko haisaidii, kwa kuwa hewa hii karibu haiyeyuki kwenye maji.

Walio kwenye hatari kubwa ni wale tunaowapenda kiasi cha kutaka wapate joto. Mama aliyejifungua huwekewa jiko chumbani, pamoja na kitoto ambacho mwili wake hauwezi kustahimili. Mjamzito naye, maana aliye tumboni huathirika kuliko mama. Mpe mama blanketi, mvalishe mtoto kofia na soksi, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Joto hilo halina sumu.

Dalili zake ndizo zinazotupoteza: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Katika nchi ya ziwa mtu akiamka hivyo, jina la kwanza linalotajwa ni malaria. Atanunua dawa dukani, atarudi kulala chumba kile kile, na jioni jiko litaingizwa tena. Jiulize haya: je, wote waliolala humo wameamka na kichwa asubuhi moja? Je, hali hupungua mkitoka nje na kurudi mkiingia? Je, mwili hauna homa? Malaria kwa kawaida huja na homa, na haichagui wote wa chumba kimoja kwa usiku mmoja. Pimeni malaria, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili, lakini mkifika hospitali ya Ndhiwa au popote, sema wazi: tulilala na jiko la makaa. Sema hivyo hata usipoulizwa. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri huku damu imejaa sumu, na mhudumu asipoambiwa anaweza kuwarudisha nyumbani. Tiba ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua saa nne hadi sita kutoka mwilini. Kwa oksijeni nyingi ya hospitali huchukua kama saa moja au zaidi kidogo. Maziwa hayaitoi.

Ukimkuta mtu amelala hasikii kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, vuta pumzi nje, ingia umvute, toka. Usianze kumwamsha humo ndani. Waokoaji wengi wameanguka juu ya waliokwenda kuwaokoa. Mkiwa nje mlaze ubavu, na kama hapumui anza kumpulizia huku wengine wakitafuta gari.

Kuna vifaa vidogo vya betri vinavyolia hewa hii ikizidi. Mwenye uwezo anunue, hasa mwenye nyumba za kupangisha. Lakini kinga ambayo kila boma linaimudu ni kuliacha jiko nje usiku, mbali na dirisha, limefunikwa majivu.

Nina neno moja kwa wazazi. Simba ya kijana wako, yaani nyumba yake ndogo ndani ya boma, ni chumba kimoja: humo anasoma, humo anapika, humo analala, na akishakuwa mkubwa hakuna anayemwingilia usiku. Yeye ndiye mwenye jiko la makaa, mtungi wa kilo 6 na waya wa kuchajia simu ndani ya hatua chache kutoka kitandani. Leo jioni pita kwake kabla hajafunga mlango, mwonyeshe mahali pa kuweka jiko nje na mahali pa kuweka mtungi, na umweleze kwa nini.